Karatasi zangu zinasema nilizaliwa "Kenya", na Kenya yenyewe ni komini ya Lubumbashi

mwalimu_katuba, Juni 2023

Jambo yenu. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mcheke, maana hapa mtaani kwetu, komini ya Katuba, kila niliyemweleza ameanza na kicheko.

Nilizaliwa 1989 Lubumbashi, komini ya Kenya. Wa hapa hawahitaji maelezo. Kwa ninyi wa mbali: mji wetu huu wa Kongo una komini saba, yaani sehemu za utawala za mji, na moja inaitwa Kenya. Ina soko kubwa, na mama yangu aliuza samaki wakavu sokoni humo miaka mingi. Siku ile uchungu ulimkuta mezani pa biashara, wanawake wenzake wakampakia kwenye mkokoteni wa mizigo hadi maternite. Hadithi ya mkokoteni naisikia kila Noeli tangu nipate akili.

Sasa, kwetu ukiulizwa ulizaliwa wapi, unataja komini. Hakuna anayejibu "Lubumbashi" akiwa Lubumbashi. Basi makarani nao waliandika walivyosikia. Attestation de naissance niliyopewa 2008: né à Kenya, yaani amezaliwa Kenya. Diplôme d'État, ile ya kumaliza sekondari: né à Kenya. Kadi ya uchaguzi: Kenya. Karatasi pekee iliyoandikwa Lubumbashi ni pasipoti, kwa sababu aliyenihudumia siku hiyo aliinua macho akauliza, "Kenya ya wapi?"

Mwezi wa kumi 2021 nilicheza loteri ya viza ya Marekani, ile DV. Nilikwenda sibere moja, duka la intaneti. Kijana wa kompyuta alichukua diploma yangu, akafungua orodha ya nchi, akateremka hadi herufi K, akabonyeza Kenya. Nilimshika mkono. Tukarudi juu, tukaweka Kongo ya Kidemokrasia, mji wa kuzaliwa Lubumbashi. Mei 2022 jina likatoka. Mwezi huu barua ya mahojiano imefika: Kinshasa, mwezi wa nane.

Usingizi umeniruka. Konsuli atakuwa na fomu inayosema Kongo mkono mmoja, na diploma inayosema Kenya mkono wa pili. Mshenga wangu ananishauri niseme tu mimi ni wa Kenya, eti nayo imo kwenye loteri, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Komisioneri mmoja, dalali wa karatasi, anataka dola 150 anitengenezee kila kitu kwa siku mbili, diploma mpya ikiwemo. Nami nafundisha hesabu, mshahara mnaujua.

Kuna jingine. Mke wangu alizaliwa Kitwe, Zambia, ingawa wazazi wake ni wa huku. Na mtoto wetu alizaliwa 2022, hakuwemo kwenye fomu ya 2021. Je, hao wawili wataniharibia? Mwenye kujua anisaidie, ila aliyepita njia hii mwenyewe, si aliyesikia kwa shemeji.

mtani_kamalondo

Mwalimu, mheshimiwa Ruto anajua kwamba ana raia Katuba?

Haya, nimemaliza. Ila wewe ni mtu wa shule, tazama Kifaransa. Nchi ni *au* Kenya. Komini ni *à* Kenya. Diploma yako inasema *né à*. Mtu aliyezaliwa Nairobi angeandikiwa *né au Kenya*. Kesi imeisha, nidai bia.

dada_kadutu

Mtani, umefurahisha lakini hujasaidia. Ile *né à* imechapwa kwenye karatasi kabla ya jina lolote kuandikwa, hata aliyezaliwa mwezini ataandikiwa *né à* Mwezi. Usiende na hoja hiyo dirishani, mwalimu.

Mimi ni wa Kadutu, Bukavu, nilipita Kinshasa na faili langu mwaka 2018, na baada ya hapo nimewasaidia watu wa kanisa letu kupanga yao. Nitakujibu kwa urefu.

Kwanza shina la jambo lenyewe. Loteri hii haiulizi wewe ni raia wa wapi wala unaishi wapi. Inauliza ardhi uliyozaliwa juu yake. Kila mwaka wanaondoa nchi ambazo ndani ya miaka mitano zimekwisha kupeleka wahamiaji zaidi ya 50,000 kwa njia nyingine. Ndiyo maana Nigeria imekuwa nje miaka yote hii. Kwa hiyo nchi ya kuzaliwa ndiyo tiketi yenyewe, na maelekezo yao yanasema wazi kwamba ukidai nchi usiyoweza kuithibitisha, maombi yanafutwa. Mshenga wako anakupeleka shimoni. Kwenye fomu ulijaza ukweli. Ukienda Kinshasa ukasema "mimi ni wa Kenya", utakuwa umeivunja fomu yako kwa mdomo wako mwenyewe. Tena Kenya ingekuongezea nini? Kongo nayo imo. Yule kijana wa sibere ungemwacha amalize kubonyeza, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine, kwa hiyo ushukuru mkono wako.

Wengi wanababaika pia na jina la nchi. Wewe wa 1989 ulizaliwa Zaire, mkoa wa Shaba. Leo hakuna Zaire wala Shaba, na Katanga yenyewe iligawanywa 2015, mko Haut-Katanga. Maelekezo yanasema utumie jina la sasa la nchi ya mahali ulipozaliwa. Kadi yangu ya ubatizo imeandikwa Zaire kwa wino mzito, na hakuna aliyeniuliza. Maafisa wa Kinshasa wanaijua historia yetu, wanasoma Zaire kila siku.

Sasa karatasi. Attestation ya 2008 iweke pembeni. Attestation ni maneno ya mtu wa ofisi kwamba amesikia ulizaliwa. Wanachotaka ni acte de naissance, cheti cha kuzaliwa, iliyoandikwa kwenye daftari la komini. Na kwa kuwa hukuandikishwa ulipozaliwa, komini haiwezi kukupa acte leo hivi hivi. Sheria ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inadai upite kwanza mahakamani. Mtu mzima anakwenda tribunal de paix, anatoa ombi, analeta mashahidi, hakimu anatoa jugement supplétif, hukumu inayochukua nafasi ya uandikishaji uliokosekana. Baadaye unachukua certificat de non-appel, karatasi kwamba hukumu haikukatiwa rufaa, unabeba vyote kwa ofisa wa état civil, anayeandikisha vizazi, ndipo anaandika daftarini na kukupa acte. Kinshasa utaonyesha acte na hukumu pamoja. Acte bila hukumu, kwa mtu wa umri wako, inaleta maswali.

Hapa ndipo uwe macho kuliko mahali pengine pote: *mwandishi wa mahakama asirudie kosa la zamani*. Wakikuuliza mahali pa kuzaliwa ukasema "Kenya", ataandika Kenya, na utakuwa umelipia tatizo lile lile na muhuri mpya juu yake. Mwambie aandike mnyororo mzima: commune ya Kenya, ville ya Lubumbashi, République Démocratique du Congo. Soma rasimu kabla hakimu hajasaini. Mimi jina la baba liliandikwa bila herufi moja, nilirudi mara tatu kwa ajili ya herufi hiyo.

Acte iliyotoka wiki sita kabla ya mahojiano inanuka upya, na afisa ana haki ya kuishuku. Dawa yake ni karatasi nzee. Kadi ya ubatizo, kadi ya chanjo, bulletin (ripoti) za shule ya msingi, chochote cha wakati ule kinachotaja Lubumbashi. Chakavu ndiyo nzuri. Usikiloweshe wala kukibandika selotepu.

Diploma usiiguse. Nasema tena, usiiguse. Diploma ya bandia ukikamatwa nayo si kunyimwa viza ya mwaka huu. Uongo wa namna hiyo kwa konsuli unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote. Na diploma yako halisi ndiyo inayothibitisha ile miaka kumi na miwili ya masomo wanayoitaka. Kenya iliyoandikwa humo itaelezwa na acte. Komisioneri na dola zake 150 mwambie asante, ana watoto wa kulisha, atapata mwingine.

Mkeo: Kitwe haina neno. Anasafiri kwa tiketi yako, anahesabiwa kwa nchi yako. Alete acte yake ya Zambia, basi. Mahali pa kuzaliwa pa mke kungekuwa na kazi kama wewe ungekuwa umezaliwa nchi iliyofungiwa. Hapo ungeweza kudai nchi yake, mradi yeye naye yumo kwenye fomu na mnaingia pamoja. Mtoto aliyezaliwa baada ya fomu si kosa, anaongezwa kwenye DS-260, ile fomu ya viza inayojazwa baada ya jina kutoka, na acte yake. Mtoto aliyekuwepo ukamficha ndiye anayeua faili.

Andaa dola 330 kwa kila kichwa, zinalipwa ubalozini siku hiyo, na hazirudi hata wakikukatalia.

mtani_kamalondo

Yaya, dada mkubwa, nimenyamaza. Ila bia bado nadai.

mwalimu_katuba, Julai

Yaya wa Kadutu, aksanti sana. Naleta habari.

Nilianza na karatasi nzee. Mama alileta koti la marehemu baba, lile la Gécamines, kampuni ya migodi, ndani ya mfuko wa ndani kulikuwa na bahasha. Kadi yangu ya ubatizo, 1989. Imeandikwa kwa Kiswahili kitupu! "Amezaliwa Lubumbashi." Padre wa zamani aliandika mji, hakuandika komini, Mungu ampe pumziko. Mama alilia, si kwa ajili ya viza, kwa ajili ya koti.

Mahakamani mashahidi wangu walikuwa wawili, mmoja ndiye aliyesukuma mkokoteni. Ana miaka zaidi ya sabini. Hakimu alimuuliza alijuaje kwamba mtoto aliyezaliwa ndiye huyu aliyesimama hapa. Akajibu, "Masikio, mheshimiwa. Tazama masikio." Ukumbi ulicheka, mimi nilitazama chini.

Rasimu niliisoma kama ulivyoagiza. Na kweli! "Né à Kenya." Niliomba ibadilishwe, mwandishi akanuna, akasema kila mtu Lubumbashi anajua Kenya ni wapi. Nikamwambia anayesoma hayuko Lubumbashi. Ilibadilishwa. Kwenye ofisi nyingine niliyopitia baadaye, ambayo siitaji, mtu wa dawati aliniambia kalamu yake haina wino. Nilimpa kalamu yangu ya shuleni, nyekundu. Nikasubiri siku mbili zaidi kwa ajili ya utani huo.

Acte ninayo. Swali moja tu: ile kadi ya Kiswahili, wataipokea hivyo hivyo?

dada_kadutu

Hivyo hivyo hapana, na hapa roho yangu inaniuma kidogo. Sheria yao ni kwamba karatasi isiyo ya Kiingereza wala ya lugha rasmi ya nchi unapoombea ifuatane na tafsiri iliyothibitishwa. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, ndivyo katiba ya 2006 inavyosema. Ya taifa, siyo rasmi. Kwa hiyo acte na hukumu yako za Kifaransa zinapita bila tafsiri, lakini kadi ya padre wetu inahitaji mfasiri. Nusu ukurasa tu, asikutoze bei ya kitabu. Peleka kadi yenyewe na tafsiri, vishikamane.

Hongera kwa mzee wa masikio.

kijana_birere

Ba yaya, samahani kuingilia. Miye niko Goma. Mimi nasoma hapa tangu asubuhi na moyo unadunda. Dada yangu mkubwa alizaliwa Nyarugusu, Tanzania, 1998, wazazi wakiwa wakimbizi. Anataka kucheza mwezi wa kumi. Kwetu tunasema yeye ni Mkongomani, basi aandike Kongo, sivyo? Na rafiki yangu yeye jina limetoka, lakini kwenye orodha alichagua Kongo ya kwanza aliyoiona, ile ya Brazzaville. Alizaliwa hapa hapa Goma.

dada_kadutu

Mdogo wangu, ya dada yako ni rahisi kwa sababu bado hajajaza. Aandike Tanzania. Kambi ya Nyarugusu iko Kigoma, na Kigoma haijawahi kuhamia Kongo hata kama watu wote ndani ya kambi wanaongea Kibembe. Tanzania imo kwenye loteri, hapotezi kitu. Uraia wake unabaki wa Kongo, pasipoti yake ya Kongo, na mahali pa kuzaliwa ni Tanzania. Vitu hivyo havigombani. Aanze sasa kutafuta karatasi ya kuzaliwa ya kule, maana hiyo ndiyo itakayomchelewesha.

Ya rafiki yako ni nzito. Kongo mbili kwenye orodha moja, hilo limewakamata wengi. Maelekezo yanasema nchi isiyo yako inafuta maombi, na kusahihisha kwenye DS-260 hakurudi nyuma kubadilisha fomu ya kwanza. Mwenye neno la mwisho ni konsuli. Sitamwambia aende wala asiende. Ila ajue kabla ya kuuza pikipiki kwamba nauli ya ndege na zile dola 330 zinaweza kwenda na maji. Akienda, aseme kosa mwenyewe, mapema, bila kulipamba.

Na ninyi mnaofungua sibere: bei ya kujaza fomu ya mtu ni pamoja na kumuuliza alizaliwa nchi gani. Kumuuliza *yeye*, siyo diploma yake.

mtani_kamalondo

Amina. Mimi nilizaliwa komini ya Kamalondo, bahati nzuri hakuna nchi inayoitwa Kamalondo.

mwalimu_katuba, Septemba

Nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilitaka kuandika nikiwa nimelala vizuri.

Kinshasa. Tulifika siku tisa kabla kwa ajili ya vipimo vya daktari, tukalala kwa binamu wa mke wangu, ambaye anatucheka kwa sababu hatujui Kilingala. Zaidi ya kilomita 1,500 kutoka nyumbani, nchi moja, na mtoto wangu anaulizwa jina lake hajibu kwa kuwa hajaelewa swali. Hilo nililiwaza sana usiku.

Siku yenyewe tulikuwa mlangoni kabla jua halijatoka. Dirisha la kwanza walipokea karatasi, dirisha la pili tulilipa, 990 kwa watu watatu. Nilizihesabu mara nne, noti zenye mkunjo nilikuwa nimezipiga pasi.

Kisha tukaitwa kwa afisa. Mwanamke, mtaratibu, Kifaransa chake kizuri kuliko cha mkuu wa shule yangu. Tuliapa, mkono juu. Akachambua faili. Acte, sawa. Hukumu, aliisoma ukurasa mzima. Kadi ya ubatizo na tafsiri, alitabasamu, sijui kwa nini. Kisha diploma. Niliona kidole chake kikisimama. Hapo nilihisi jasho likishuka mgongoni mpaka kiunoni.

Akauliza mimi nilizaliwa wapi. Nikajibu Lubumbashi, komini ya Kenya, na kama ilivyo kwa mtu aliyebanwa, nikaendelea bila kuulizwa: soko, samaki wakavu, mkokoteni. Mke wangu alinikanyaga mguu. Afisa akauliza kama nimewahi kuishi Nairobi. Nikasema Nairobi sijaiona, nchi ya kigeni ninayoijua ni Zambia tu, kwa wakwe.

Akageuza diploma kunielekea, akaweka kalamu juu ya lile neno, akauliza kwa sauti ya mwalimu anayemjaribu mwanafunzi: "*À* Kenya, ou *au* Kenya?"

Mtani, nilikukumbuka. Nikasema: "*À*, madame."

Akaandika kitu, muda mrefu. Akarudisha diploma, kadi ya ubatizo na hukumu. Pasipoti tatu akabaki nazo.

Mke wangu mpaka leo anasema samaki sikupaswa kuwataja. Mtani wa Kamalondo, bia yako iko kwangu, njoo Katuba kabla ya mwisho wa mwezi.